Msivunje Kamati: Barua ya Wazi kwa Kamati za Harusi za Singida

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa kamati za harusi, sendofu na kicheni pati,
Manispaa ya Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni.

Ndugu zangu,

Barua hii ingeweza kwenda wizarani, au Bodi ya Filamu, au kwa mfadhili mwenye fomu ndefu kuliko hadithi anayoombwa kuifadhili. Nimeileta kwenu kwa sababu nyinyi mnajua jambo ambalo hao hawalijui: namna ya kumfanya mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bodaboda na mama anayeuza vitunguu pale Misuna watoe fedha kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijatokea, tena wazitoe kabla ya tarehe, tena waone fahari.

Msikunje uso mapema. Sikuja na ule wimbo kwamba harusi zinatufilisi. Umeshaimbwa na wakuu wa wilaya, wachungaji na masheikh, kisha Jumamosi wakakaa meza kuu. Mimi ni mjumbe kama nyinyi, nachanga na nitaendelea kuchanga. Ninachotaka ni kuazima ufundi wenu kwa kazi nyingine, na itabidi nianzie mbali kidogo, Marekani, kwa mhasibu mmoja.

Mhasibu huyo anaitwa Chris Jones. Alikuwa mtu wa hesabu wa kampuni ya Access Software ya Salt Lake City, iliyokuwa ikitengeneza michezo ya kompyuta. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilipotoa mchezo wa Mean Streets, sura ya mpelelezi Tex Murphy ilikuwa ya mhasibu wao. Tex anaishi San Francisco ya miaka mingi ijayo, baada ya vita vya tatu vya dunia, katika mji uliojaa watu walioharibiwa miili na mionzi. Ana kofia, ana koti refu, hana fedha. Kodi ya ofisi inamshinda na wanawake anaowapenda hawampi nafasi. Kwa kifupi, mtu wa kawaida mwenye kofia nzuri.

Mwaka 1994 ikaja Under a Killing Moon, kwenye CD 4, na hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa kitu kingine. Waigizaji halisi walipigwa picha za video mbele ya kitambaa cha rangi moja, kisha wakaingizwa ndani ya vyumba vilivyochorwa kwa kompyuta. Hata James Earl Jones, yule wa sauti ya Darth Vader, yumo. Unaingia chumbani, unafungua droo, unasoma barua ya mtu, unagonga mlango wa jirani. Jirani anafungua, anakutazama usoni, na chini ya kioo kuna maneno ya kuchagua: umwombe kwa upole, umtanie, au umtishe. Unachochagua Tex anakisema kwa mdomo wake, na jirani anajibu kulingana na ulichosema. Ukimkera, umekosa habari uliyoifuata.

Niliuona mchezo huo hapahapa mjini, miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi moja tuliyoruhusiwa kuitumia jioni. Tulikuwa watano mbele ya kioo kimoja. Mmoja ameshika kipanya, wengine wanne wanagombana juu ya jibu la kumpa yule jirani, na anayejua Kiingereza anatafsiri huku akiongeza chumvi. Kompyuta ilikuwa ikiomba CD nyingine kila tulipohama mtaa, na moja kati ya zile 4 ilikuwa na mkwaruzo. Hadithi ilikuwa ikikwama palepale, Tex amenyanyua mguu mmoja.

Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video haoni ajabu. Kule nako mtazamaji hakunyamaza hata siku moja. Mtafsiri wa filamu Lufufu alikuwa akimtafsiri Mchina kwa Kiswahili cha Manzese, na benchi zima likimpigia kelele stelingi: nyuma yako, usiingie humo, huyo ni msaliti! Stelingi hakusikia. Tex alisikia, na ndiyo tofauti yote.

Baada ya The Pandora Directive ya 1996, yenye miisho 7 kutegemea ulivyoishi ndani ya hadithi, wakatoa Overseer mwaka 1998. Mwisho wake Tex amekaa kwenye gari na Chelsee, mwanamke aliyemfukuzia tangu zamani, na dereva anageuka na bastola. Mlio, giza, basi. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Access, na walichokitaka hasa ulikuwa mchezo wao wa gofu uitwao Links. Mpelelezi akawekwa kabatini, na hakuna aliyejua kama amekufa au amepona.

Mashabiki walikaa na swali hilo miaka 14. Hawakuwa wengi, ila hawakutawanyika. Walihifadhi michezo, wakasaidiana kuifanya iwake kwenye kompyuta mpya, wakaendelea kubishana kuhusu ile bastola. Chris Jones na mwandishi mwenzake Aaron Conners nao wakaanzisha kampuni ndogo, Big Finish Games, na wakafanikiwa kuipata tena haki ya Tex. Mei 2012 wakafungua mchango kwenye jukwaa la Kickstarter: tunahitaji dola 450,000 ili tuimalizie hadithi. Katika muda wa mwezi mmoja hivi, watu karibu 7,000 walitoa zaidi ya dola 598,000. Mchezo wa Tesla Effect ukatoka Mei 2014, na Tex ni yuleyule mhasibu, mvi kichwani na koti lilelile.

Sasa piga hesabu kama mweka hazina. Gawa kiasi hicho kwa watu waliochanga, unapata kama dola 86 kwa kichwa, ambazo wakati ule zilikuwa shilingi 135,000 hivi. Mnaijua hiyo fedha. Hiyo haiko mbali na kadi ya dabo. Watu 7,000 walinunua kadi ya dabo kwa harusi ya mtu asiyekuwepo.

Na mfumo wenyewe mnao. Kickstarter ina ngazi za mchango, na kila ngazi ina chake: mwenye kidogo anapata mchezo, mwenye zaidi anapata na fulana, mwenye kingi jina lake linaandikwa. Nyinyi mna kadi ya singo, kadi ya dabo na meza za mbele. Kule kuna siku ya mwisho, huku kuna tarehe ya ukumbi. Kule mtengenezaji anaandika taarifa kwa wachangiaji mara kwa mara. Huku saa tatu usiku katibu anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, baki. Mbele ya aliyemaliza kuna alama ya vema ya kijani. Mbele ya ambaye hajaanza pako wazi, na uwazi ule unamsema kuliko matusi. Kesho yake asubuhi shemeji wa Kiomboi anatuma elfu hamsini bila kukumbushwa na mtu.

Kuna jambo moja wao wametuzidi. Kickstarter lengo lisipofikiwa hadi siku ya mwisho, hakuna anayekatwa hata senti. Mwaka 2014 watu waliotaka kuurudisha Night Trap, mchezo mwingine wa video wa mwaka 1992, hawakufika hata robo ya walichoomba, na kila mtu akabaki na fedha yake. Kwetu harusi haiahirishwi kwa sababu michango imepungua. Bajeti inakatwa, ng'ombe anakuwa mbuzi, mambo yanaenda. Kwa filamu, na ndiyo kazi nitakayowaomba tuichangie, utaratibu huo ni hatari. Filamu iliyokatwa bajeti katikati haimalizwi na mbuzi. Inabaki kwenye diski ya kompyuta ya mtu hadi kompyuta iibiwe.

Mtaniuliza nina mfano gani wa kwetu. Ninao, tena wa mwaka uleule wa 2012. Tanzania Heritage Project, mradi ulioanzishwa na Rebecca Corey na Benson Rukantabula, ulipita kwenye Kickstarter hiyohiyo kuomba fedha za kuzihamishia kwenye kompyuta kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zile zenye NUTA Jazz na Mbaraka Mwinshehe na wenzao. Wazo lilikuwa zuri na nilifurahi. Lakini mlango wa kuchangia ulikuwa Marekani, kwa dola na kwa kadi ya benki. Mzee wa Manyoni aliyeucheza muziki ule mwaka 1975 hakuwa na pa kuingilia na elfu kumi yake. Halafu kuna mkanda na kuna wimbo: mkanda ni mali ya shirika la utangazaji la umma, wimbo una mtunzi na warithi wake, na mchangiaji hata akitoa ng'ombe mzima hawi mwenye wimbo.

Mwaka huo wa 2012 una jambo jingine ambalo halinitoki. Tarehe 7 Aprili mwigizaji Steven Kanumba alifariki, na umati uliofurika Leaders Club kumuaga mliuona wenyewe kwenye runinga. Alikuwa mtoto wa jirani, wa Shinyanga hapo, na tulimjua tangu alipokuwa na Kaole Sanaa, tukijazana sebuleni kwa mwenye televisheni kuangalia Jahazi na Dira. Mwezi mmoja baadaye Chris Jones akafungua mchango wake. Mhasibu wa Utah asiyejulikana hata kwa jirani zake alikuwa na watu 7,000 tayari kulipa ili aigize tena. Kanumba alikuwa na nchi nzima na majirani zake, na upendo ule ulipata njia moja tu ya kugeuka fedha: rambirambi.

Alipokuwa hai, fedha ya mtazamaji ilimfikia mwigizaji kwa kupita mikono mingi. Mtengenezaji aliiuza filamu kwa msambazaji wa Kariakoo, mara nyingi jumla jumla, haki zote, kwa sababu alidaiwa kamera na mafuta ya gari. Msambazaji akauza DVD, mwizi akaidurufu, sisi tukainunua kwa mwizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, lakini haimzuii mtunzi mwenye njaa kuuza. Leo kundi la wapenzi likitaka kuirudisha tamthilia fulani ya zamani, swali la kwanza litakuwa: ni ya nani? Hapo ndipo mchango mzuri unapofia. Wale 7,000 wangeweza kutoa hata mara mbili ya walichotoa na wasipate kitu, kama jina la Tex Murphy lingebaki kwenye kabati la mtu mwingine.

Basi ninachoomba ni tuanze na hadithi ambayo hakuna msambazaji aliyeinunua. Jina lake mnalitamka kila palipo na mechi kwenye ule uwanja ambao wazee bado wanauita Namfua. Liti. Vijana wengi wanadhani ni jina la kampuni ya vinywaji. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na silaha yake ilikuwa nyuki. Bibi mmoja atakwambia alikuwa akiwaamuru kwa dawa. Mwingine atasema alijua tu mizinga iko wapi na upepo unavuma kwenda upande gani. Kuhusu mwisho wake, kaa na wazee uone wanavyotofautiana.

Mwandishi wa filamu ya kawaida hapo anachagua simulizi moja na kuwaudhi wazee wengine wote. Filamu ya kuchezwa, kama ile ya Tex, ina nafasi kwa wote. Unakuwa kijana aliyetumwa na Liti. Unafika kwa mzee mwenye mizinga, unaamua umwambie nini, na ulichosema kinakupeleka kwenye dawa au kwenye upepo. Mawe yetu ya kujificha yako palepale kando ya Ziwa Singidani, hayalipiwi pango. Kitambaa cha kijani kinauzwa kwa mita. Simu zinazopiga picha bora kuliko kamera ya 1994 mnazo mifukoni. Mazungumzo kwa Kinyaturu na Kinyiramba, maelezo kwa Kiswahili. Nasi tusiifanye ya kutegemea bando. Iweze kuhamishwa kwa memori kadi kutoka simu hadi simu, maana kule Mkalama mtandao una siku zake.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, nami nautakia heri. Ila mkopo unadai marejesho, na msanii mwenye deni ndiye yule anayeuza haki zote jumla. Mchango haudai. Unachodai ni kazi yenyewe, na hesabu.

Kuhusu hesabu nitakuwa mkali, kwa sababu tunafahamiana. Mwaka uleule wa 2012 kampuni nyingine ya Marekani, Double Fine, iliomba dola 400,000 kutengeneza mchezo wa mafumbo wa kizamani, ikapewa zaidi ya milioni 3.3 na watu zaidi ya 87,000. Kamati yoyote ya hapa ingeua fahali. Lakini fedha zilipoongezeka, ndoto nazo zikaongezeka. Fedha hazikutosha, ikabidi mchezo wa Broken Age utolewe nusu mwaka 2014 na nusu mwaka 2015. Wachangiaji wengi walivumilia kwa sababu walionyeshwa kila kitu, hadi vikao vya ndani vilipigwa video. Kwa hiyo bajeti ya Liti ipangwe kabla ya mchango, kipengele kwa kipengele: kibali cha Bodi ya Filamu chini ya sheria ya filamu Na. 4 ya 1976, posho za waigizaji, chakula, usafiri wa kwenda na kurudi kwenye mawe, mtaalamu wa programu, mfuga nyuki wa kusimamia usalama. Huyo wa mwisho msimkate. Najua mtajaribu kumkata. Fedha zikizidi, zisiongeze farasi wala helikopta. Zibaki kwa sehemu ya pili.

Lengo likipungua siku ya mwisho, kila mtu arudishiwe kwenye namba aliyotumia, na makato ya kurudisha yawe yametengwa tangu mwanzo. Mchango ufunguliwe alizeti ikishauzwa, fedha ikiwa mkononi na kabla ya ada za shule. Kiwango cha chini kiwe elfu mbili, ili mwanafunzi wa sekondari naye aone jina lake na alama ya kijani. Walioko Dar na Mwanza, na wale walioko Muscat wanaouliza kila mwaka wafanye nini kwa ajili ya nyumbani, wapewe namba ileile na orodha ileile. Asiwepo mgeni rasmi. Mgeni rasmi anaahidi kwa kipaza sauti na kulipa kwa barua.

Na hapa ndipo tutakapogombana. Kamati zetu zina kuvunjwa. Harusi ikipita tunakaa siku moja, kuku wa kienyeji wanachemshwa, hesabu zinasomwa, kilichobaki kinanywewa, na kila mtu anarudi kwake. Ni utaratibu mzuri kwa harusi, kwa kuwa maharusi wameshaondoka na maisha yao. Hadithi ya Liti haiondoki. Filamu itatoka, mtu wa kituo cha televisheni atakuja na mkataba, mwingine atataka kuichapa kitabu, mwingine ataibandika mtandaoni kama yake. Nani atakuwepo kusema hapana? Haki za kazi ziandikwe kwa jina la watunzi na waigizaji wake, zisajiliwe, na kamati iendelee kuwepo kama shahidi: ikutane walau mara moja kwa mwaka, isome kilichoingia na kilichotoka, ihakikishe hakuna aliyeuza usiku. Tex hakurudishwa na fedha za Mei 2012 peke yake. Alirudishwa na watu waliokataa kuvunja kamati tangu 1998, hata wakati ambapo hapakuwa na cha kuchangia.

Nasikia tayari mnavyonijibu: nani atafanya kazi ya kamati isiyo na supu? Supu iwepo. Wekeni kwenye bajeti, kipengele cha chakula, iandikwe wazi.

Naomba kila kamati iliyofanya harusi mwaka huu itoe mtu mmoja tu. Tukutane mjini, Jumapili ya kwanza baada ya mavuno, alasiri, ili wa Manyoni na Nduguti wawahi magari ya kurudi. Tusianze kwa kuchagua mwenyekiti, tutamaliza siku. Tuanze na mweka hazina. Anayeitaka nafasi hiyo asije na barua ya kujieleza. Aje na daftari la harusi yake ya mwisho aliyoisimamia, tulipitishe mezani, tulisome mstari kwa mstari.

Mjumbe mwenzenu,
Singida Mjini